Jina Nililolifanya Ufunguo

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo kila nikiikumbuka mikono yangu inakosa pa kukaa. Nilikuwa mbele ya kompyuta, kwenye chumba cha masjala cha kituo kimoja cha afya pembezoni mwa Mtwara mjini. Dirishani alisimama bibi mmoja kutoka Mahurunga, na nyuma yake mjukuu wake, msichana wa miaka kama kumi na mitatu, akichechemea. Bibi alifungua pindo la kanga, akatoa kipande cha karatasi ngumu kilichochakaa kingo, akanisukumia. Nikakirudisha bila kukisoma. Jambo lenyewe halikuchukua muda hata wa kufuta jasho, na nimeishi nalo zaidi ya miaka ishirini.

Nakuandikia kwa sababu ya simu yako ya juzi. Ulinieleza kwa furaha kwamba mnatengeneza hifadhidata ya zahanati mnayofungua Msimbati, na kwamba kila mgonjwa mtamtambua kwa namba yake ya simu, maana siku hizi kila mtu anayo. Nikanyamaza. Ukadhani mtandao umekatika, ukaanza kuita, “Baba mkubwa, unanisikia?” Nilikuwa nakusikia vizuri sana. Nilishindwa tu kujua nianzie wapi, na hata leo sina hakika kama naanzia mahali panapofaa. Mimi ni mtu wa kidato cha nne. Mambo haya niliyafanya kabla ya kuyaelewa, nikayaelewa nusu baada ya kuyaharibu.

Kompyuta ilitufikia mwishoni mwa miaka ya tisini, msaada wa watu waliokuja, wakapiga picha nayo, wakaondoka. Nilikuwa na miaka thelathini na tano, nikapelekwa mafunzo ya wiki mbili, nikarudi najiona bingwa. Kabla ya hapo masjala ilikuwa ya Bi Mchopa, mama mmoja wa Kimakonde aliyebakiza kama mwaka mmoja kustaafu. Utaratibu wake ulikuwa mwepesi mno, na kwa sababu hiyo niliudharau. Mgonjwa wa kwanza aliyefika kituoni alipewa namba moja, wa pili namba mbili, na kuendelea. Kadi zilipangwa kwenye droo kwa namba hizo. Kando alikuwa na daftari la majina, ambamo kila jina limeandikiwa namba yake. Ukija umesahau namba, anakutafuta kwa jina kwenye daftari, anapata namba, anaiendea kadi. Na kila mgonjwa aliondoka na kipande kidogo cha karatasi ngumu chenye namba yake.

Kule mafunzoni tuliambiwa kwamba kila jedwali la kumbukumbu lazima liwe na ufunguo msingi, yaani kitu kimoja ambacho kompyuta inamtambulia mtu huyu na si mwingine. Kompyuta inatengeneza faharasa kwa kuufuata ufunguo huo, ili ukiuliza mtu isipekue wote, iende moja kwa moja pale alipo. Mwalimu akasema, chagueni wenyewe kitakachokuwa ufunguo. Mimi nikachagua jina: jina la mgonjwa, la baba yake, na kijiji chake, vyote vikiwa vimeshikamana. Niliona ni heshima. Kwa nini mtu mzima aitwe namba kama gunia la korosho ghalani? Namba za Bi Mchopa sikuziingiza kabisa.

Bi Mchopa alinitazama nikichapa kadi zake moja moja. Siku moja akauliza, “Rashidi, namba umeziweka wapi?”

“Hazina kazi tena, Bi Mchopa. Mashine inawajua watu kwa majina yao.”

“Inawajua kuliko wao wanavyojijua?”

Nikacheka. Nilidhani ni utani wa mtu anayeiaga kazi yake.

Matatizo yalianza mapema, lakini kwa sura ya kuchekesha. Hamisi Saidi wa Mahurunga walikuwa wawili, na kompyuta haikubali funguo mbili zinazofanana. Mmoja nikamwandika Hamisi Saidi Mrefu. Mwezi uliofuata akaja Hamisi Saidi mwingine wa huko huko, mrefu kuliko Mrefu. Nikabaki namtazama kwa hasira, kama vile yeye ndiye aliyekosea kurefuka.

Baadaye mashine ikaanza kuwa nzito. Miezi ya kwanza nilikuwa nikichapa jina, jibu linatokea. Ulipokaribia mwaka, nachapa jina, nangoja. Kuingiza mgonjwa mpya ndiyo ilikuwa balaa zaidi: unabonyeza, kinasikika kitu kinakwaruza ndani, kimya, kinakwaruza tena. Nililaumu chumvi ya hewa ya pwani. Nikalaumu umeme wetu. Nikalaumu joto, nikamwomba mke wangu kanga, nikaifunika mashine kila jioni kama mtoto mwenye homa. Haikusaidia. Watu kwenye foleni walinizoea. “Jamani tukae chini,” utasikia mmoja anasema, “kompyuta imekwenda kula.” Na mwingine, “Si inarudi? Au nayo ina shamba ng'ambo ya Ruvuma?” Nilikuwa nacheka nao huku najiuliza, tatizo ni nini? Data zenyewe hazikuwa nyingi. Nilikuwa nimechanganyikiwa, na sikuwa na ujasiri wa kumwambia mtu.

Ndipo akaja yule bibi.

“Jina la mgonjwa?”

“Somoe Saidi.”

“Kijiji?”

“Mahurunga.”

Nikachapa, nikangoja, foleni ikaguna. Kompyuta ikajibu kwamba hayupo.

“Bibi, huyu hajawahi kutibiwa hapa.”

“Ametibiwa, baba. Alikuja mdogo, na mama yake. Alilazwa hapa hapa, kifua.”

“Kwa jina gani?”

Bibi akamwangalia mjukuu, kisha akaangalia sakafu. “Lake.”

“Lake lipi, bibi? Watu wanangoja.”

“Huyu ni Somoe,” akasema, na sauti yake ikawa kali kidogo. Msichana naye akageuza uso ukutani.

Mwanangu, hapo ndipo nilipopaswa kusimamisha kazi. Wewe umekulia mjini, huenda hukuyaona haya. Kwa watu wetu wa kusini, Wamakonde, Wamakua, Wayao, mtoto akitoka jandoni au unyagoni hutoka na jina jipya. Lile la utotoni linaachwa huko, na kumwita mtu kwalo mbele za watu ni kumtukana, yeye na waliomcheza. Yule msichana alikuwa ametoka unyagoni msimu ule. Bibi yake asingeweza kulitaja jina la zamani mbele ya foleni ya watu thelathini, wanaume kwa wanawake, hata kwa ajili ya kadi. Na mimi nilijua. Mimi mwenyewe niliingia jandoni na jina moja nikatoka na jingine. Nilijua kama ninavyojua njia ya nyumbani, lakini siku ile ujuzi huo haukunifikia kichwani. Nilikuwa naiangalia kompyuta.

Basi bibi akafungua pindo la kanga. “Tazama hii, baba. Mambo yake yote yamo humo.”

“Namba hizi hatutumii tena, bibi. Sasa ni kompyuta.”

Nikakirudisha. Nikamwandika Somoe kama mgonjwa mgeni, rekodi mpya, safi, haina kitu.

Muuguzi wa zamu alikuwa Sista Grace, mama makini aliyehamia kwetu kutoka Mbeya. Msichana alikuwa na jipu pajani lililoanza kumpandishia homa. Sista akaisoma ile rekodi niliyompa, akakuta sehemu ya dawa zinazomdhuru mgonjwa haina neno. Akamuuliza bibi kama kuna dawa inayomsumbua mtoto. Bibi akasema hajui, kipindi kile alikuwa na mama yake, na mama yake yuko ng'ambo, Msumbiji, analima. Sista akachoma penisilini.

Kelele zilipoanza mimi bado nilikuwa dirishani nahudumia mtu wa tatu baada yao. Nilisikia Sista akimwita daktari, si kwa sauti yake ya kawaida. Nikatoka. Msichana alikuwa amevimba midomo na macho, anavuta pumzi kama mtu anayenyonya hewa kwenye mrija ulioziba. Bibi yake hakulia. Alipita mbele yangu kwa haraka, kipande chake mkononi, akaelekea stoo ya nyuma ambako Bi Mchopa alikuwa akifunga kadi za zamani kwa kamba, kadi nilizokwisha kuomba ruhusa zichomwe.

Sijui kama dakika mbili zilipita. Bi Mchopa alitokea ameshika kadi namba 2216. Juu iliandikwa Tabu Saidi, Mahurunga. Na kwa kalamu nyekundu, kuvuka kadi nzima: ASIPEWE PENISILINI. Daktari aliitupia jicho mara moja, akaendelea na alichokuwa ameshaanza kukifanya. Sindano nyingine, maji ya mshipani, kungoja. Ilikuwa kama saa nane mchana. Jua lilipoanza kushuka pumzi ya msichana ilirudi, akaomba uji.

Ninachotaka ukione ni hiki, maana ndicho kilichonichanganya kuliko vyote. Tabu Saidi alikuwemo kwenye kompyuta. Nilimwingiza mwenyewe, na onyo lake lote. Kompyuta haikupoteza kitu wala haikusema uongo. Niliiuliza Somoe, ikaniambia Somoe hayupo, na kwa jinsi nilivyoifundisha ilikuwa sahihi. Niliketi kwenye kiti changu nikiwa sijui nimkasirikie nani.

Kesho yake asubuhi Bi Mchopa aliingia masjala, akafunga mlango, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

“Rashidi, mama yako alipokuzaa alikuita nani?”

Nikajifanya napanga karatasi mezani.

“Nakuuliza wewe. Hukusikia?”

“Bi Mchopa, siwezi kulisema hilo.”

“Hapa tuko wawili tu. Hakuna foleni.”

“Hata hivyo.”

“Haya,” akasema. “Mwanamume mzima, mlango umefungwa, umeshindwa. Ukataka mtoto wa watu alitaje dirishani.”

Hakuongeza tusi. Alifungua daftari lake la majina akanionyesha. Penye namba 2216 palikuwa na Tabu, na pembeni yake, kwa penseli nyembamba, Somoe. Alikuwa ameshasikia habari za unyago ule kwa watu wa Mahurunga, akaandika kabla hata msichana hajaja. Kurasa nyingi zilikuwa hivyo. Mwanamke aliyejifungua akaanza kuitwa Mama fulani, majina mawili, namba moja. Mzee aliyevuka kutoka Msumbiji na jina la jandoni na la Kireno, akasilimu, majina matatu, namba moja. Familia iliyohama Mahurunga ikaenda kuishi Msimbati, kijiji kimekatwa, kipya kimeandikwa, namba ile ile. Jina lilikuwa mlango wa kuingilia tu. Mgonjwa mwenyewe alikaa kwenye namba.

Nilimwomba asiondoke kabla hajanisaidia, naye akakubali, ingawa alinikumbusha mara kwa mara kwamba yeye ni mtu wa penseli. Kwa wiki tatu tulikaa pamoja, yeye anasoma namba, mimi nachapa. Namba ikawa ufunguo msingi. Jina likawa na faharasa yake ya pembeni, inayokubali majina yanayofanana na kubadilishwa pasipo kuvuruga kitu kingine. Majina ya zamani tukayaweka kwenye jedwali lao lililofungwa, ambalo karani anaweza kutafutia lakini haliandikwi kwenye karatasi anayopewa mgonjwa. Akina Hamisi Saidi wote wakapata namba zao, wakaachiwa urefu wao.

Tulipomaliza, kompyuta ikawa nyepesi. Sikuelewa kabisa. Nilikuwa nimefanya kazi ile kwa ajili ya Somoe, sikuwa nikiufikiria mwendo wa mashine, na sasa nachapa, jibu hilo hapo. Nikadhani imepona yenyewe. Ilipita miaka kadhaa, tumeshaingia elfu mbili na kitu, ndipo fundi mmoja kijana kutoka Dar es Salaam, Emanueli, alipokuja kuweka mashine mpya na kunieleza. Nitakueleza kama nilivyomwelewa, ukiona nimepotoka unisahihishe.

Chukua droo iliyojaa kadi zilizopangwa kwa herufi za majina. Anakuja Fatu, mgeni. Nafasi yake iko katikati, na katikati kumejaa. Inabidi ulete droo mpya, uhamishe nusu ya kadi, ubadilishe na maandishi ya mbele ili ujue herufi zipi ziko wapi. Mchana anakuja Mwanahawa, droo nyingine, kazi ile ile. Kompyuta yangu ilikuwa ikifanya hivyo kutwa nzima, kila mgeni akiangukia mahali pasipotarajiwa, na kule kukwaruza nilikokuwa nikikusikia ndiko kuhamisha kadi. Ukiwapanga kwa namba ya kufika, mgeni anakwenda mwisho wa droo ya mwisho. Zilizojaa haziguswi.

Tena kuna urefu. Ufunguo haukai kwenye jedwali la wagonjwa peke yake. Unanakiliwa kwenye mahudhurio, kwenye maabara, kwenye dawa. Jina la mtu, la baba, na kijiji, herufi arobaini, nilikuwa naziandika upya kila mtu alipokuja na kikohozi. Faharasa zikanenepa, ukurasa mmoja, yaani droo moja ya kompyuta, ukabeba wachache, mashine ikawa inasoma kurasa nyingi ili kumpata mtu mmoja. Na jina likibadilika inabidi libadilike kila mahali liliponakiliwa. Ukisahau jedwali moja, vipimo vya mtu vinabaki vinaning'inia bila mwenyewe.

Emanueli huyo huyo alinichanganya tena kabla hajaondoka. Alisema kama vituo viwili vitaunganisha kumbukumbu zao, namba za kufuatana zitagongana, kwa kuwa huku yuko 2216 na kule yuko 2216. Akasema wako wanaotumia alama ndefu za kubahatisha ambazo kompyuta inazitunga, hazigongani popote. Nikamuuliza, je, zile si zitaangukia katikati ya droo kama majina? Akacheka, akasema, “Mzee, umeelewa kuliko unavyojidai.” Alikubali kwamba zinaangukia hovyo na ni ndefu, ila akasema zipo zinazotungwa kwa kufuata wakati, ambazo huenda mwisho kama namba zangu. Zaidi ya hapo sikuweza kumfuata. Nyinyi mtakaokuwa na zahanati zaidi ya moja mliulize jambo hilo mapema, msingoje kama mimi.

Somoe nilimwona tena. Alikuja mwanamke mzima, mtoto mgongoni, dirisha lile lile. Nilimtambua kabla hajasema. Sikujua kama ananitambua. Nikauliza, kwa mazoea tu, “Jina?”

“Elfu mbili mia mbili kumi na sita,” akasema.

Nikachapa. Rekodi yake ikafunguka na onyo lake jekundu juu, na jina lake, Somoe Saidi, na chini hakuna jina jingine la kumwaibisha. Nikageuza kioo cha kompyuta ili aone. Alisoma polepole. “Bibi aliniambia niikariri,” akasema. “Alisema karatasi mnaweza kuikataa.”

Nikamuuliza bibi hajambo. Akaniambia amefariki tangu msimu wa korosho uliopita. Nilikuwa nimekaa miaka mingi nikipanga kwenda Mahurunga kumwomba radhi yule bibi, na ni mwendo usiomaliza hata asubuhi. Sikwenda. Nikamwomba radhi Somoe pale dirishani, kwa maneno mabovu, watu wakisikiliza. Alimpandisha mtoto mgongoni, akasema, “Mwandike na huyu,” nami nikampa mtoto namba iliyofuata. Sijui kama ule ulikuwa msamaha.

Basi, mwanangu, namba ya simu isiwe ufunguo. Mtu anaibiwa simu, anabadili laini. Pale Msimbati mama na watoto watano watatumia simu moja, na kesho kutwa namba ile ile atapewa mtu mwingine kabisa. Iandikeni, mwiwekee faharasa ili muweze kutafutia, kama majina, kama vijiji. Lakini ufunguo uwe kitu kifupi mlichokitunga wenyewe, kisicho na habari yoyote ya mtu ndani yake, kisichobadilika akioa, akihama, akisilimu wala akitoka unyagoni. Kiende kwa kufuatana, mgeni akae mwisho. Na mtu akiwasukumia kipande chake cha karatasi dirishani, hata kama hamkitumii tena, kisomeni kwanza.

Nenda na kazi yako, binti wa marehemu mdogo wangu. Mwenyezi Mungu aibariki zahanati yenu, awape wazee wa kuwauliza maswali magumu mlango ukiwa umefungwa, na awajalie myasikie. Kila mgonjwa atakayefika kwenu akukute unamtazama yeye kabla ya mashine. Na kosa langu hili, Mungu alijalie liishie kwangu, lisikufikie wewe.